Wagonjwa wa Bahari ya Chumvi

Kati ya nchi ya Yordani kwa upande wa mawio, na Israeli pamoja na Ukingo wa Magharibi wa Palestina kwa upande wa machweo, liko ziwa ambalo karibu kila taifa lililolifahamu limeliita bahari. Ufuo wake ndio nchi kavu iliyo chini kuliko zote duniani, zaidi ya meta 430 chini ya usawa wa bahari kuu. Mto Yordani huingia humo, wala maji yake hayana mlango wa kutokea. Hupanda juu kwa mvuke, na chumvi ikabaki. Katika kilo moja ya maji ya bahari ya kawaida, kama hii ya Hindi, zimo gramu 35 hivi za chumvi. Katika kilo moja ya maji ya ziwa hilo zimo kadiri ya gramu 340. Wala si chumvi ya chakula. Sehemu yake kubwa ni chumvi ya magnesiamu, na kwa sababu hiyo maji hayo ni machungu zaidi ya kuwa ya chumvi, na mkononi huteleza kana kwamba yamechanganywa na mafuta.

Majina yake ni mengi. Katika Taurati linaitwa Bahari ya Chumvi. Waarabu huliita Bahari ya Luti, kwa kukumbuka Nabii Luti na miji iliyoangamizwa, au Bahari Mfu, kwa kuwa samaki hawaishi humo. Wayunani na Warumi waliliita Ziwa la Lami, kwa sababu vipande vya lami vilizuka kutoka chini na kuelea juu yake. Jina la kwanza latazama maji, la pili latazama adhabu, la tatu latazama kifo, la nne latazama biashara. Katika majina hayo hakuna hata moja litajalo tiba. Na hata hivyo kwa muda wa miaka elfu mbili na zaidi wagonjwa wameshuka kwenye bonde hilo la joto kutafuta siha. Ni jambo la haki kuuliza ni kitu gani hasa walichokwenda kukitafuta, na ni kitu gani walichokipata, maana majibu mawili hayo hayakuwa sawa wakati wowote.

Watu wa kale walistaajabia uzito wa maji kabla ya kuamini nguvu zake za kuponya. Aristotle, katika karne ya nne kabla ya kuzaliwa Kristo, alitaja kwa habari ya kuambiwa kwamba katika nchi ya Palestina liko ziwa ambalo mtu au mnyama akifungwa na kutupwa ndani huelea wala hazami. Miaka mia nne baadaye jambo hilo lilijaribiwa kwa ukatili wa kijeshi. Josephus, mwandishi wa historia ya Wayahudi, asimulia kwamba jemadari Vespasian, ambaye baadaye alikuwa Kaisari wa Rumi, aliamuru watu wasiojua kuogelea wafungwe mikono nyuma na kutupwa kilindini. Wote wakaibuka juu, kama waliosukumwa na upepo kutoka chini. Josephus hakuandika kama watu hao waliulizwa hiari yao.

Mwandishi huyo huyo ndiye atupaye habari ya mgonjwa mashuhuri kuliko wote waliofika huko. Mfalme Herode, mwaka wa 4 kabla ya Kristo, alikuwa amepatwa na maradhi mengi kwa pamoja: mwasho wa ngozi, maumivu ya matumbo, kuvimba miguu na pumzi za taabu. Matabibu wake walimvusha Yordani mpaka Callirrhoe, mahali penye chemchemi za maji ya moto, mashariki ya ziwa. Walimwogesha humo, kisha wakamtia katika chombo kilichojaa mafuta ya uvuguvugu, akazimia, watumishi wakapiga kelele wakidhani amekwisha kufa. Alirudishwa Yeriko, na huko akafa kweli. Jambo la kuangaliwa katika habari hiyo ni dogo, nalo hupitwa na wasomaji wengi: Josephus asema kwamba maji ya Callirrhoe huteremka na kuingia katika Ziwa la Lami, lakini yenyewe ni matamu hata yaweza kunywewa. Basi mfalme hakuletwa kuoga katika maji ya chumvi. Aliletwa kando yake. Mahali hapo, ambapo leo huitwa Zara katika nchi ya Yordani, paliendelea kuwa na sifa. Katika ramani ya vijiwe vya rangi iliyotandazwa sakafuni mwa kanisa la Madaba katika karne ya 6, mabafu ya Callirrhoe yamechorwa pamoja na mitende yake, na mashua mbili zikielea juu ya ziwa.

Katika zama hizo dawa iliyotoka ndani ya ziwa lenyewe ilikuwa lami. Mabonge yake yalielea juu ya maji, mengine makubwa hata yakafananishwa na mafahali wasio na vichwa, na wenyeji wakayaendea kwa vyelezo vya matete wakiyakatakata kwa mashoka. Ilipakwa katika merikebu, ilitiwa katika dawa za wagonjwa, na Wamisri waliinunua kwa ajili ya kuhifadhi maiti. Faida yake ilikuwa kubwa hata ikaleta vita: mwaka wa 312 kabla ya Kristo, Antigonus, mmoja wa majemadari waliorithi dola ya Alexander, alimtuma Hieronymus wa Cardia kwenda kuikusanya, na Waarabu wa Nabatea wakawajia watu wake kwa vyelezo vyao na kuwapiga kwa mishale. Mabaharia wa matete waliwashinda askari wa mfalme.

Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki atalitambua neno moja katika habari za lami hii. Waajemi na Waarabu waliita lami ya dawa mumia, na kwa kuwa maiti za Misri zilidhaniwa kuwa zimejaa lami hiyo, jina la dawa likahamia kwa maiti. Neno hilo ndilo lililofika kwetu kwa sura ya mumiani: kitu cheusi kama gundi, kilicholetwa na wafanyaji biashara na kusemwa kuwa kimetoka Uajemi, kikayeyushwa katika samli na kunywewa, au kupakwa penye mfupa uliovunjika. Baadaye watu wakaamini kwamba kitu hicho ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na mumiani akawa mtu wa kuogopwa usiku. Haisemwi hapa kwamba mumiani wa madukani ya Unguja au Mombasa alitoka Bahari ya Chumvi. Lakini imani iliyomzaa ni ndugu wa imani iliyowapeleka wagonjwa kwenye ziwa hilo, kwamba kitu kilichotoka kilindini, cheusi, chenye harufu kali, hakikosi kuwa na nguvu.

Habari iliyo bora kuliko zote za zama za kati yatoka kwa al-Muqaddasi, mwanajiografia aliyezaliwa Yerusalemu, ambaye alitunga kitabu chake mnamo mwaka 985. Alilijua bonde hilo kwa ujirani, na maneno yake yana chumvi ya mtu asiyeogopa kusema ukweli juu ya nchi yake. Mji wa Sughar, uliokuwa kusini ya ziwa, ausifu kwa biashara hata kuufananisha na Basra ndogo. Kisha ausema kwa hewa yake. Majirani, asema, waliuita Sakari, yaani Jahanamu. Na mtu aonaye kwamba malaika wa mauti amechelewa kumjia, basi na ahamie huko. Na mwandishi huyo huyo, aliyeiona nchi hiyo kuwa kaburi la wageni, ndiye asimuliaye kwamba maji ya ziwa yalikuwa dawa ya maradhi mengi, na kwamba ilikuwako siku maalumu ya kuyatumia, katikati ya mwezi wa Ab, ndio Agosti, ambapo watu walikusanyika pamoja na wagonjwa wao.

Tiba aliyoitaja haikuwa ya kuoga. Maji yalitiwa tumboni kwa njia ya chini. Jambo hili huwachekesha wasomaji wa leo, lakini halina ajabu: chumvi za magnesiamu hata sasa hutumiwa na matabibu kufungua tumbo lililofunga. Linalostahili kufikiriwa zaidi ni tarehe. Maji ya ziwa ni yale yale katika Januari na katika Agosti. Mtu aliyetaka maji peke yake angalichagua msimu wa baridi, ambapo bonde lapendeza kama bustani, kuliko Agosti, ambapo joto hufika digrii 40 na mawe huunguza nyayo. Wagonjwa wa karne ya 10 walichagua mwezi wa jua kali kupita yote. Huenda sababu yao ilikuwa ya kalenda tu, au ya mavuno. Hata hivyo uchaguzi huo wakubaliana vizuri na jambo lililokuja kufahamika baada ya miaka elfu moja.

Karne ya 19 yaweza kupitwa upesi, kwani wageni wake walikuja kupima si kutibiwa, na wengi waliondoka wagonjwa kuliko walivyokuja. Christopher Costigan, Mwairishi, alilizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1835, akafa kwa homa. Molyneux wa jeshi la maji la Uingereza alifuata mwaka 1847, akafa vile vile. Mwaka 1848 William Lynch wa jeshi la maji la Marekani alileta mashua mbili za bati zilizobebwa juu ya magari kutoka pwani, akapima vilindi na kuthibitisha kwamba uso wa ziwa uko kadiri ya meta 400 chini ya bahari. Luteni wake, Dale, naye akafa kabla ya safari kurudi kwao. Ziwa lililosifiwa kwa uponyaji lilikuwa na hesabu mbaya ya vifo.

Aliyeibadili hesabu hiyo hakuwa tabibu bali mhandisi. Moshe Novomeysky alizaliwa Siberia, na huko alijifunza kazi ya chumvi katika maziwa yaliyo karibu na Baikal. Alifika Bahari ya Chumvi kwa mara ya kwanza mwaka 1911, wakati wa utawala wa Waturuki, akatambua kwamba jua la bonde hilo laweza kufanya bure kazi ambayo kwingine hufanywa kwa kuni na makaa: kukausha maji mpaka madini yajitenge. Baada ya miaka mingi ya kuomba, kampuni yake ilipata mwaka 1930 ruhusa ya serikali ya Waingereza waliotawala Palestina, ikafungua kiwanda cha potashi na bromini huko Kalia, kaskazini ya ziwa, na mwaka 1934 kingine kusini, karibu na mlima wa Sodoma. Potashi ni mbolea, na mashamba ya Ulaya yaliihitaji. Kazi yenyewe si ngeni kwa mtu aliyeyaona mashamba ya chumvi ya pwani yetu, wala kwa mtu aliyefika Magadi katika Kenya, ambapo ziwa jingine la bonde la ufa limechimbwa magadi yake kwa zaidi ya miaka mia moja. Tofauti ni kipimo chake.

Karibu na kiwanda cha Kalia ilijengwa hoteli. Watu wa Yerusalemu waliteremka kwa motokaa wakati wa baridi kuota jua na kuelea juu ya maji wakisoma magazeti, desturi ambayo tangu hapo haijakoma kupigwa picha. Hivyo kiwanda na nyumba ya starehe vilizaliwa pamoja, mahali pamoja, vikilishwa na maji yale yale. Vita vya mwaka 1948 viliteketeza kiwanda cha kaskazini na kuimaliza hoteli. Kile cha kusini kilibaki. Ikawa ni kusini, chini ya kivuli cha kiwanda, ambako tiba ya zama zetu ilikuja kukua.

Mwaka 1959 madaktari wa ngozi wa Yerusalemu, Dostrovsky na Sagher, walitangaza katika jarida la utabibu kwamba wagonjwa wa soriasisi waliokaa ufuoni mwa ziwa walipata nafuu iliyo wazi. Soriasisi ni maradhi ya ngozi yaletayo mabaka mekundu yenye magamba meupe, viwikoni, magotini, kichwani, na kwa wengine mwili mzima. Hayaambukizi. Lakini mgonjwa akiingia katika bafu la watu wote, wengine hutoka. Akinyosha mkono kusalimu, mkono wa pili huchelewa. Hayana dawa ya kuyaondoa kabisa, na miaka hiyo dawa zilizokuwapo zilikuwa lami ya makaa, mafuta ya kupaka na miali ya taa. Habari ya Yerusalemu ilienea Ulaya ya kaskazini, ambako jua ni haba na maradhi hayo ni mengi. Tangu miaka ya 1960 hoteli zilianza kujengwa Ein Bokek, na baadaye wakaja wagonjwa kwa maelfu kutoka Ujerumani, Denmark na kwingineko, wengine kwa gharama za bima za ugonjwa au za serikali zao.

Utaratibu wa tiba ni mwepesi kusimulia. Mgonjwa hukaa kwa muda wa majuma manne. Siku ya kwanza huota jua dakika chache, asubuhi na alasiri, kisha muda huongezwa kidogo kidogo mpaka hufika saa kadhaa kwa siku. Huingia majini mara mbili au tatu, kila mara kwa dakika chache, hutoka, huoga maji matamu na kujipaka mafuta. Wanaume na wanawake wana nyua zao mbali mbali zilizozungushiwa ukuta, ambamo hulala bila nguo. Mwisho wa mwezi wengi wao huondoka na ngozi safi, au iliyo karibu kuwa safi. Tokeo hili limeandikwa na madaktari wa nchi nyingi na halina ubishi.

Ubishi ulikuwa juu ya sababu. Wenye hoteli na wenye maduka ya sabuni walisema ni maji na tope jeusi, kwa kuwa maji na tope vyaweza kutiwa katika chupa. Madaktari wa mahali hapo walikuwa na shaka, na baadhi yao wakafanya jambo la uaminifu: waliwagawa wagonjwa mafungu matatu, wengine waoge tu bila jua, wengine waote jua bila kuoga, wengine wafanye yote mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Waliooga tu, ugonjwa wao ulipungua kwa zaidi kidogo ya robo. Walioota jua tu, ulipungua kwa karibu robo tatu. Waliofanya yote mawili walipata zaidi kidogo ya asilimia 80. Maana yake ni kwamba maji husaidia, lakini mganga mkuu ni jua.

Je, jua halipo kwingine? Lipo, lakini si jua hilo. Mionzi ya urujuanimno ndiyo itulizayo soriasisi, na mionzi hiyo hiyo, hasa iliyo mifupi zaidi, ndiyo iunguzayo ngozi. Bonde la Bahari ya Chumvi limefunikwa na tabaka ya hewa iliyo nene zaidi ya ile ya usawa wa bahari kwa meta 400 na zaidi, na juu ya ziwa hutanda ukungu mwembamba wa mvuke wake. Mionzi iunguzayo huchujwa zaidi kuliko ile iponyayo. Kwa hiyo mtu mweupe wa Denmark, ambaye ufuoni mwa Hispania angeiva kama kaa kwa nusu saa, huweza kulala juani humo muda mrefu. Hewa hiyo hiyo nzito ina oksijeni zaidi kidogo, na watu wenye maradhi ya mapafu husema hupumua kwa raha. Mvua ni haba mno, na siku za jua katika mwaka hupita 300. Siri ya tiba, basi, ni shimo lenyewe. Nguvu ambayo watu waliitafuta katika kitu cha kushika ilikuwa katika mahali.

Liko na jambo jingine ambalo halikutiwa katika fungu lolote la jaribio lile. Ndani ya nyua zile mgonjwa huwa kwa mara ya kwanza miongoni mwa watu wasiogeuza macho. Mtu aliyevaa mikono mirefu miaka ishirini huivua. Madaktari wengi wametaja kwamba kupumzika na kuondokewa na aibu ni sehemu ya tiba, na kwa kuwa soriasisi huchochewa na mashaka ya moyo, neno hilo si la kupamba. Hakuna aliyepata kulitia katika chupa.

Haki yataka mipaka ya tiba hii itajwe pia. Maradhi hurudi, kwa wengi baada ya miezi kadhaa, na safari huwa ya kila mwaka. Ngozi iliyoota jua namna hiyo mwaka hata mwaka huzeeka mapema, na hatari ya saratani yake huongezeka. Tope la moto hutuliza maumivu ya viungo kwa muda, si zaidi. Na maji yasiyozamisha mtu yaweza kumwua: aelaye kwa kifudifudi hushindwa kugeuka, na akiyameza, magnesiamu na chokaa hupanda katika damu yake hata moyo ukaharibika mwendo. Madaktari wa Israeli wameandika habari za watu waliookolewa katika hali hiyo. Tangu miaka ya 2000 zimepatikana pia dawa za sindano zinazozuia soriasisi kwa nguvu kubwa, lakini bei yake huwashinda wengi.

Sasa yabaki habari ya maji, nayo ndiyo nzito. Mgonjwa anayeingia majini mbele ya hoteli za Ein Bokek haingii katika Bahari ya Chumvi. Sehemu ya kusini ya ziwa, ambayo ilikuwa na kina kidogo, ilitengana na ile ya kaskazini kwa kukauka mwishoni mwa miaka ya 1970. Kama isingalikuwa kiwanda, hoteli zingalitazama uwanja wa chumvi. Kiwanda hupiga maji kwa pampu kutoka kaskazini, hupitishwa katika mfereji, hujaza mabwawa ya kukaushia, na bwawa lililo mbele ya hoteli ni mojawapo ya hayo. Uso wake uko juu ya ule wa ziwa la kweli kwa meta zaidi ya 40. Kila mwaka kadiri ya sentimeta 20 za chumvi hutuama chini ya bwawa hilo, na maji hulazimika kupandishwa kwa kiasi hicho hicho, hata misingi ya hoteli ikaanza kutishwa na gharika katika bonde linalokufa kwa kiu. Mwaka 2012 serikali ya Israeli na kampuni yenye kiwanda zilipatana kwamba chumvi hiyo ichimbuliwe, na sehemu kubwa ya gharama ilipwe na kampuni.

Kaskazini hali ni kinyume. Ziwa la kweli hushuka kwa zaidi ya meta moja kila mwaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 uso wake ulikuwa kadiri ya meta 390 chini ya bahari kuu. Eneo lake, lililopita kilometa mraba 1,000, sasa limebaki kadiri ya 600. Viwanda vya pande mbili, kwa kuwa Yordani nayo ina chake tangu miaka ya 1980, huhesabiwa kuwa na sehemu ya asilimia 30 mpaka 40 katika upungufu huo. Sehemu iliyo kubwa zaidi ni ya mto. Mto Yordani ulikuwa ukileta kadiri ya meta za ujazo milioni 1,200 au zaidi kwa mwaka. Leo haufiki sehemu moja ya kumi ya hizo. Israeli ilianza kuyavuta maji ya Ziwa la Galilaya kwa mabomba yake makubwa mwaka 1964. Yordani iliujenga mfereji wa Ghor mapema katika miaka hiyo hiyo. Siria iliziba vijito vya Yarmuki kwa mabwawa. Kila nchi ilikuwa na mashamba na watu wenye kiu, na hakuna hata moja iliyofanya jambo la kipuuzi ukiitazama peke yake. Mpango wa kuleta maji ya Bahari ya Sham kwa bomba, uliotiwa sahihi mwaka 2013, haukujengwa. Wapalestina, ambao sehemu ya ufuo wa kaskazini-magharibi imo katika nchi iliyokaliwa na Israeli tangu 1967, hawapati madini ya ziwa wala ujenzi wa hoteli. Mwaka huo huo wa 2013 Benki ya Dunia ilihesabu hasara yao katika madini peke yake kuwa mamia ya mamilioni ya dola kila mwaka.

Ardhi iliyoachwa na maji haikubaki salama. Chini yake ipo tabaka ya chumvi ya zamani za kale. Maji mazito yalipoondoka, maji matamu kutoka milimani yalipenya na kuiyeyusha, kukawa na mapango, na siku moja dari huanguka. Mashimo ya namna hiyo yalianza kuonekana katika miaka ya 1980. Upande wa magharibi peke yake sasa yamepita 6,000. Yamemeza mitende, njia na nyumba. Ufuo wa Mineral Beach, ambao ulikuwa na mabafu ya maji ya moto na wageni wengi, ulifungwa Januari 2015 baada ya ardhi kudidimia.

Huko Ein Gedi, katikati ya ufuo wa magharibi, wenyeji walijenga katika miaka ya 1980 nyumba ya mabafu ya kiberiti na tope, karibu kabisa na maji, ili mgonjwa atoke mlangoni na kuingia ziwani kwa miguu. Ziwa likasogea. Ilijengwa njia ya kuteremkia, ikawa fupi. Ikaongezwa, ikawa fupi tena. Mwishowe lilinunuliwa trekta, likafungiwa magari ya wazi yenye viti na kivuli cha turubai, na waogaji wakapakiwa humo kwa taulo zao, wazee na wenye magongo mbele, wakapelekwa zaidi ya kilometa moja juu ya udongo uliokuwa chini ya maji walipokuja mara ya kwanza.